Kukaanga na Kupika Kahawa Nyumbani Dodoma: Kutoka Punje Mbichi Hadi Kikombe

Anayejua kukaanga karanga ana nusu ya ujuzi wa kukaanga kahawa, na nusu hiyohiyo ndiyo inayomponza. Karanga zinataka moto mdogo na subira, na ukizichelewesha nusu dakika bado zinalika. Kahawa inataka moto wa kutosha mwanzoni, moto unaopungua kuelekea mwisho, na mtu anayesikiliza. Dakika mbili baada ya punje kuanza kulia, yaani kupasuka kwa sauti, ndizo zinazoamua ladha ya kikombe, lakini kosa linalojitokeza katika dakika hizo mara nyingi limetendeka dakika tano nyuma. Maelezo yanayofuata ni ya gramu 200 kwa mkupuo, kwa kikaango, juu ya gesi au mkaa, katika hewa ya Dodoma iliyo kavu na yenye upepo.

Kahawa mbichi

Dodoma kunalimwa zabibu, alizeti na karanga. Kahawa lazima isafiri. Aina zake kuu ni mbili, arabika na robusta. Arabika inatoka Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe upande wa Mbozi, Ruvuma upande wa Mbinga, Kigoma na Tarime. Robusta nyingi inatoka Kagera. Zao hili linasimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania yenye makao yake Moshi, na biashara yake ina leseni na kanuni. Kwa hiyo kilo mbili tatu za kujifunzia ziombe kwa wakaangaji wenye leseni au chama cha ushirika cha wakulima, na risiti isafiri pamoja na kifurushi kwenye basi.

Ukiweza kuchagua, anza na arabika iliyooshwa, yaani iliyomenywa tunda na kuoshwa kabla ya kukaushwa, ya daraja moja. Madaraja ya AA, A na B hupangwa kwa ukubwa wa punje, na AA ndiyo kubwa kuliko zote. Ukubwa si ladha. Faida yake kwako ni kwamba punje zinazolingana huiva pamoja. Daraja la PB ni la punje zilizokua peke yake ndani ya tunda, kwa hiyo ni za mviringo badala ya kuwa bapa upande mmoja. Kwa mtu wa kikaango hizo ni zawadi: zinabiringika, wakati punje bapa hulala kwa tumbo na kuungua upande huo.

Wakati mwingine utaletewa kahawa ambayo bado ina ganda lake gumu la rangi ya majani makavu. Itwange polepole kwenye kinu, kidogokidogo, kwa mchi unaoangushwa bila kukandamiza, kisha uipepete kwa ungo. Kilo moja yenye ganda hutoa takriban gramu 800 za punje tupu.

Sasa chambua, kama unavyochambua mchele. Mwaga gramu 200 kwenye sinia jeupe, penye mwanga wa dirisha. Toa mawe, punje nyeusi, zilizovunjika, zilizokunjamana, na zenye tundu dogo la mdudu lililo kama limechomwa kwa sindano. Punje nyeusi tano zinatosha kuitia birika zima ladha ya udongo. Kazi hii inachukua dakika kumi, na hakuna hatua nyingine inayolipa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Kuhusu kuhifadhi: punje iliyokaushwa vizuri ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kuanzia Mei mvua inapokuwa imekwisha, hewa ya hapa huunyonya unyevu huo, na gunia lililoachwa wazi jikoni hadi Oktoba litakupa kahawa inayobadilika rangi haraka na kuwa na ladha ya majani makavu. Tia kahawa kwenye mfuko mzito wa plastiki, kamua hewa, funga, uweke chumba chenye ubaridi mbali na bati. Andika uzito juu ya mfuko siku unayoufunga. Baada ya miezi miwili pima tena: kilo moja ikiwa imepungua gramu 20 au 30, jua imekauka, na siku ya kukaanga anza na moto mdogo kidogo kuliko kawaida.

Vyombo

Kikaango cha chuma kizito chenye upana wa sentimeta 26 hadi 28 ndicho bora. Sufuria nzito ya aluminiamu inafaa. Sufuria nyembamba haifai, kwa sababu inapata joto sehemu moja na kulipoteza mara tu unapotia punje. Vikaango vyenye utando mweusi wa kuzuia chakula kugandana viache kabisa: kazi hii inahitaji chombo kitupu kipashwe joto kali, na utando ule ukizidi joto hutoa moshi wenye sumu.

Andaa pia mwiko wa mbao wenye ncha bapa, mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja, saa ya simu, ungo mbili au chekeche pana la chuma, glavu nene au kitambaa, na mfuniko unaokifunika kikaango sawasawa. Mfuniko ni wa dharura. Punje zikishika moto, zima jiko, funika, uache. Usimwage maji.

Jiko la gesi linakutii mara moja, na kwa anayeanza ndilo rahisi. Mkaa unataka mpango. Washa jiko lijae, subiri hadi mkaa wote uwe mwekundu na uanze kuvaa majivu meupe, ndipo uweke kikaango. Usiongeze mkaa mpya katikati. Moto utalala kwanza, kisha utapanda wakati ambao unautaka ushuke. Kupunguza moto kwenye mkaa ni kufunga mlango wa jiko na kukiinua kikaango sentimeta tano au kumi juu ya mafiga. Kaangia nje au barazani, si ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wa kahawa unawasha macho, na hewa ya mkaa inaua bila kunusika.

Upepo wa Dodoma una pande mbili. Wakati wa kukaanga unapuliza mkaa uwake kupita kiasi na papo hapo unapoza punje zilizo juu, kwa hiyo chini kunaungua na juu kubichi. Weka jiko nyuma ya ukuta au ukinge kwa bati pande tatu. Wakati wa kupoza, upepo huohuo ndio msaidizi wako mkubwa.

Kukaanga

Pasha kikaango moto wa robo tatu kwa dakika nne hivi. Dondosha tone la maji. Likitulia na kuchemka mahali pake, bado. Likikimbia huku na huko kama gololi, tayari. Mwaga gramu 200 zote kwa pamoja na uwashe saa. Punje zisizidi tabaka mbili. Mwenye kikaango kidogo apunguze hadi gramu 120 badala ya kurundika.

Kuanzia hapo mkono hausimami. Mwiko uingie chini, uinue, ugeuze, mzunguko mmoja kila sekunde au zaidi kidogo, ukipita pembeni na katikati. Kila nusu dakika inua kikaango na urushe punje kama unayepepeta, ili zile zilizokwama chini zibadilishane nafasi na za juu. Watu wawili hufanya kazi hii vizuri kuliko mmoja: mmoja anakoroga, mwingine anasoma saa na kuandika.

Dakika ya 0 hadi 5. Punje za kijani zinapauka, kisha zinakuwa njano. Harufu ni ya nyasi mbichi, halafu nyasi kavu. Maji yanatoka, na utaona mvuke mwembamba usio na rangi ya moshi. Lengo ni punje zote ziwe njano kati ya dakika ya 4 na ya 5. Zikifika njano dakika ya 3, moto ni mkali mno na ndani hapajapata joto. Zikiwa bado na ukijani dakika ya 7, moto ni mdogo. Ongeza sasa, maana baadaye hakutasaidia.

Dakika ya 5 hadi 9. Njano inageuka kahawia. Harufu inahama kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye mahindi ya kuchoma, kisha ukoko wa mkate. Makapi mepesi yanaanza kubanduka na kurukaruka. Yakilundikana chini yapulizie nje, kwa sababu yakiungua yanatia moshi mchungu. Rangi ikifika ile ya mdalasini na harufu ikaanza kuwa kali, ya kuchoma pua kama siki, ujue zimebaki sekunde 30 hadi 60 kabla ya mlio. Hapa ndipo unapunguza moto, hadi nusu ya ulipokuwa. Wengi wanasubiri mlio ndipo wapunguze, na wakati huo wameshachelewa, kwa sababu chuma kizito kina joto lake lililohifadhiwa na punje zenyewe zinaanza kutoa joto. Usizime, wala usipunguze hadi moto ufe: kahawa ikipoa katikati ya safari ladha yake inalala na haiamki tena.

Mlio wa kwanza. Kati ya dakika ya 8 na nusu na ya 10 utasikia "ta!" moja. Ni mlio wa bisi ndani ya sufuria iliyofunikwa, mkavu na wenye nguvu. Usiihesabu punje hiyo ya kwanza peke yake. Subiri tatu au nne zifuatane, hapo andika dakika. Ukitazama kwa karibu utaona punje iliyolia ikivimba, mstari wa katikati ukifunguka, na kipande cha kapi jeupe kikichomoza ndani yake. Ngozi iliyokuwa na mikunjo inanyooka. Joto la punje wakati huo ni karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Mvuke uliokuwa umebanwa ndani ndio unaopasua.

Robusta hulia kwa sauti ya chini na kwa kuchelewa kuliko arabika. Ukiikaanga kwa mara ya kwanza amini zaidi rangi na harufu.

Kuacha. Kutoka mlio kuanza, hesabu. Dakika 1 na nusu baadaye kahawa ina rangi nyepesi, na uchachu wake wa matunda uko wazi. Kati ya dakika 2 na 2 na nusu, mlio ukiwa umekwisha au umebaki wa hapa na pale, unapata ukaangaji wa kati: utamu kama wa sukari guru, uchachu uliotulia. Hapo ndipo tunashauri ubaki kwa mikupuo kumi ya mwanzo. Ukiendelea, kunakuwa kimya kifupi, moshi unaongezeka na kuwa wa bluu, kisha unaanza mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Mafuta yanaanza kung'aa juu ya punje. Ukitaka kahawa chungu ya kunywa na kashata, toa kwenye milio mitano ya kwanza ya duru hiyo. Zaidi ya hapo unatengeneza mkaa, na hatari ya moto inaanza kuwa ya kweli.

Toa sekunde 10 kabla ya rangi unayoitaka. Punje zinaendelea kuiva zenyewe hadi zipoe.

Kupoza na kupumzisha

Mimina kwenye ungo mara moja na anza kupepeta, ukihamisha kutoka ungo mmoja kwenda mwingine palipo na upepo. Ndani ya dakika 4 uweze kuzishika mkononi bila kuumia. Pasipo upepo weka chekeche la chuma mbele ya feni. Kuziacha kwenye kikaango kilichozimwa ni kosa linaloharibu kazi nzuri ya dakika kumi na moja.

Zikipoa, pima. Gramu 200 zikitoa 170 hadi 172, umepoteza asilimia 14 au 15, na hicho ndicho kiwango cha ukaangaji wa kati. Zikitoa zaidi ya 177, huenda ndani bado mbichi. Zikishuka hadi 164 au chini yake, umefika kwenye weusi. Mizani haidanganywi na mwanga wa jioni kama macho yanavyodanganywa, kwa hiyo iandike namba hii kila mara, pamoja na dakika ya njano, dakika ya mlio na dakika ya kutoa. Daftari lenye namba hizo nne litakufundisha haraka kuliko maelezo yoyote.

Kahawa iliyotoka kukaangwa imejaa gesi ya kaboni dioksidi. Iweke kwenye chupa ya kioo, mfuniko ukiwa umelegezwa, usiku mmoja. Kisha kaza na uweke kabatini pasipo jua. Inaanza kunyweka vizuri siku ya 3 au ya 4, inakuwa katika ubora wake hadi siku ya 14, na baada ya mwezi imechoka. Usiiweke kwenye friji, itanywa harufu ya vitunguu na dagaa. Kaanga kidogo, mara nyingi.

Kuyatambua makosa

Kata punje moja kwa kisu, au ivunje kwa meno. Rangi ya ndani inapaswa kukaribiana na ya nje, nyepesi kidogo tu. Nje ikiwa kahawia na ndani rangi ya mchanga, moto wa mwanzo ulikuwa mkali mno, na kikombe kitakuwa na uchachu wa kuuma na ladha ya mtama mbichi. Mara inayofuata punguza moto wa kuanzia, usiongeze muda wa mwisho.

Madoa meusi ya mviringo upande ulio bapa yanasema mkono ulisimama, au kikaango kilikuwa cha moto kupita kiasi wakati wa kumwaga. Ladha yake ni ya majivu.

Kahawa inayonukia vizuri lakini ikinywewa haina kitu, kama mkate wa juzi, imekaa mno kwenye moto mdogo. Mlio wake wa kwanza huwa umechelewa hadi dakika ya 14 au 15, na umelia kwa unyonge. Hili ndilo kosa la wakaanga karanga, na ndilo la kawaida kuliko yote.

Punje chache zilizobaki njano kati ya nyenzake zilizoiva hazikukosewa na wewe. Zilichumwa mbichi. Moto hauwezi kuzirudisha. Zichague na kuzitupa, kwa sababu zina ladha ya maganda ya karanga na tatu tu zinasikika kwenye kikombe.

Na zikiwa rangi mchanganyiko, nyingine nyeusi nyingine nyepesi, ama ulichanganya punje za ukubwa tofauti, ama umerundika. Kikaango hakitakupa usawa wa mashine. Tofauti ndogo vumilia. Baadhi ya watu wanaipenda.

Kusaga

Saga kiasi cha kikombe cha sasa tu. Kinu cha mkono cha kuzungusha ndicho kifaa cha kwanza kinachostahili pesa yako, kabla ya birika lolote zuri. Bila hicho tumia kinu cha mbao na mchi, lakini kiwe cha kahawa peke yake. Kinu kilichotwangia kitunguu saumu hakisahau. Twanga gramu 15 hadi 20 kwa mara moja, chekecha kwa chekecheo la unga ili vumbi laini litoke, na vipande vikubwa virudishe. Blenda ibonyeze sekunde 3, itikise, ibonyeze tena, isizidi sekunde 30 kwa jumla. Ikizunguka mfululizo inapasha kahawa moto na kutoa vumbi na mawe kwa pamoja.

Maji, na mahali tulipo

Maji mengi ya Dodoma yanatoka ardhini, hasa bonde la Makutupora, na yana madini. Angalia ndani ya birika lako la umeme: utando mweupe unaoganda chini ni ushahidi. Madini hayo yanaua uchachu wa kahawa, na arabika nzuri inaonja kama chaki. Chemsha maji dakika tano, yaache yatulie hadi yapoe, kisha mimina ya juu taratibu na uache mashapo; sehemu ya ugumu itakuwa imebaki chini. Kama maji yenyewe yana chumvi ya kusikika ulimini, kuchemsha hakutasaidia: changanya nusu kwa nusu na maji ya chupa, au maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa. Pika kahawa ileile kwa maji ya aina mbili, onja kwa zamu. Tofauti utaisikia kwenye funda la kwanza.

Jambo la pili ni mwinuko. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yanachemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, si 100. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa watu wa pwani yanataka maji yaliyochemka yapumzike nusu dakika kabla ya kumiminwa. Hapa usisubiri. Miminia yakiwa bado yanachemka, na pasha chombo kwanza kwa maji ya moto, hasa asubuhi za Juni na Julai.

Kupika

Kipimo cha msingi ni gramu 1 ya kahawa kwa gramu 16 za maji: gramu 15 kwa mililita 240, kikombe kimoja kikubwa. Asiye na mizani ahesabu vijiko vitatu vya chakula vya kahawa iliyosagwa, vilivyosawazishwa kwa kisu, kisha arekebishe kwa ulimi.

Kwa mtu anayesaga kwa kinu na mchi, njia bora ni jagi. Inasamehe usagaji usiolingana. Tia gramu 30 za kahawa yenye chenga kama za mchele uliovunjika kwenye jagi lililopashwa moto, mimina mililita 480 kwa mkupuo mmoja, acha dakika 4 bila kugusa. Juu kutakuwa na utandu mzito; ukoroge mara tatu kwa kijiko, utazama. Engua povu lililobaki. Subiri dakika 5 nyingine ili mashapo yatulie, kisha mimina polepole kupitia chujio la chai. Kishindo kimoja cha kuinamisha jagi ghafla kinarudisha tope lote juu.

Njia ya kitambaa inatoa kahawa safi na nyepesi zaidi, lakini inadai usagaji unaolingana, chembe zikiwa kama sukari ya dukani. Shona mfuko wa kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, wenye umbo la koni, kina cha sentimeta 12, na uupitishie waya mdomoni. Marekani mpya ina wanga wa kiwandani: uchemshe mfuko mara tatu, kila mara kwa maji mapya, bila sabuni. Weka gramu 15, tingisha zilale sawa, mimina mililita 40 na subiri sekunde 40. Kahawa ya siku ya nne au ya tano itaumuka hapo kama donge la maandazi, na mapovu madogo yatapasuka juu yake. Isipoumuka kabisa, imeshazeeka. Endelea kumimina kwa mduara mdogo katikati, ufike mililita 150 kwenye dakika 1 na sekunde 15, na 240 kwenye dakika ya 2. Matone yakome kati ya dakika 3 na 3 na nusu. Yakikoma dakika ya 2, kahawa itakuwa nyepesi na chachu: saga laini zaidi. Yakifika dakika ya 5, itakausha ulimi: saga kubwa zaidi. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukimaliza, suuza mfuko kwa maji matupu na uuhifadhi ndani ya kikombe cha maji kwenye friji, maji yakibadilishwa kila siku. Ukikauka na mafuta yake utachacha.

Kisha kuna kahawa ya birika, ya kunywa jioni watu wakiwa wamekaa. Hii haitaki punje nyepesi. Tumia zile za mwanzo wa mlio wa pili, au changanya robusta ya Kagera theluthi moja kwa uzito wake wa mdomoni. Kwa lita moja ya maji tia tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kilichopondwa, uchemshe dakika 5 ndipo utie gramu 60 za kahawa iliyosagwa laini kuliko sembe ya dukani. Ikipanda, inua birika, ikishuka, rudisha. Mara tatu. Kisha iweke kwenye moto wa chini kabisa dakika 4, bila kutokota. Ipua, nyunyizia kijiko kimoja cha maji baridi juu ili mashapo yashuke, subiri dakika 3, na mimina kwenye vikombe vidogo bila kutikisa. Birika lisirudishwe kwenye mkaa kupashwa tena. Kilichobaki baada ya nusu saa kimwage, na kama wageni bado wapo, pika lingine.